Tena, Alisema Mwalimu Jescah

Mwalimu Jescah Musimbi hasikilizi kama watu wengine. Mimi na wewe tukisikia honi ya bodaboda tunaruka pembeni. Yeye husema kwanza, "Hiyo iko chini kidogo," halafu ndipo aruke. Mchungaji akimaliza mahubiri watu huitikia amina. Mwalimu huinamia jirani yake akanong'ona kwamba mahubiri yalianza vizuri ila katikati yaliishiwa pumzi. Kuna shule karibu na nyumba yake huko Amalemba ambayo aliwahi kuiandikia barua kuhusu kengele yao. Nayasema haya mapema usije ukadhani nakusimulia habari za mama mpole. Upole hauna hisa kwake. Neno lake ni moja tu: tena.

Neno hilo alilipata kazini. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa jaji wa tamasha za muziki za shule, kuanzia ngazi ya wilaya hadi ya taifa. Majaji wengine huandika alama, wakatoa maoni yao, kwaya ikashuka jukwaani na maisha yakaendelea. Mwalimu Jescah hakuwahi kuiachia kwaya ishuke na kosa. Akishaandika alama zake, ambazo hata gavana asingezibadilisha, aliwarudisha watoto kwenye ule mstari mmoja waliouharibu na kuwaimbisha mbele ya umati mpaka utoke sawa. Tena. Tena. Tena. Watunza saa walimchukia, na walimu wa kwaya walimwogopa kuliko mkaguzi wa shule. "Alama ni za leo," alizoea kusema. "Lakini kosa, mtu akienda nalo nyumbani, atalilea mpaka lizae."

Mimi nilikuwa besi wake. Naitwa George Andati, nina saiba, duka la kompyuta na fotokopi, hapa Kakamega mjini, hatua chache kutoka steji ya bodaboda. Nilipomaliza kidato cha nne, mwanzoni mwa miaka ya tisini, niliingia kwaya yake ya kanisani. Kusema kweli sauti yangu ilikuwa ya kujazia tu. Nilichokuwa nacho ni mwandiko. Karani wa mahakama angeuona angelia. Wakati huo fotokopi hazikuwa kila kona kama sasa, kwa hiyo tulifanya hivi: Mwalimu alisoma nota za kitabuni, zile za mistari mitano, akazigeuza kuwa do, re, mi kwa penseli, maana ndivyo kwaya zetu zinavyosoma mpaka leo. Kisha mimi nilizinakili kwa mkono kwenye stensili, tukachapa, tukagawa. Karatasi zetu zilitembea kuliko sisi wenyewe. Zilifika Matungu, Musanda, na hata Lugari kwa wakulima wa mahindi. Chini ya kila moja palikuwa na herufi mbili, J.M., alizotia kwa mkono wake baada ya kupitia kazi yangu. Kwaya ikiona J.M. haikuuliza swali.

Alipostaafu tulidhani atalima mboga. Mwaka jana barua ikaja. Mgeni mmoja aliyehudhuria tamasha la shule alikuwa amemwona akiirudisha kwaya kwenye mstari wake mara nne, na kumbe huyo mgeni ni mmoja wa waandalizi wa shindano la kimataifa la vijana waimbao opera, ule uimbaji wa hadithi ambapo mtu hushindana na okestra nzima bila maikrofoni. Walimtaka awe mmoja wa majaji watano. Raundi ya kwanza ingefanywa kwa mtandao: waimbaji sitini, sauti tupu zilizorekodiwa, bila jina wala picha, kila mmoja na wimbo aliouchagua mwenyewe na nambari yake. Ishirini bora wangeitwa Ulaya kuimba jukwaani.

Akaja kwangu siku hiyohiyo, mwavuli mkononi.

"Mulembe, George."

"Mulembe sana, Mwalimu. Karibu. Ni fotokopi?"

"Hapana, leo ni dunia," akasema. "Nataka chumba hakina kelele."

Nilikuwa nacho, kile cha nyuma tunapopigia picha za pasipoti, kilicho chini ya zege, maana sehemu ya mbele ni mabati matupu na mvua ya Kakamega kila mtu anaijua. Nikatundika mablanketi mawili ya mke wangu ukutani, nikamnunulia hedifoni nzuri. Kwa wiki tatu Mwalimu aliingia humo asubuhi na kutoka saa ya chakula. Hakunisikilizisha chochote wala kuniambia chochote, na kalamu yake ilikuwa penseli ileile ya zamani.

Mara moja tu alitoka na kusimama mlangoni, hedifoni ikiwa shingoni.

"George. Kuna mtoto ameimba."

Kwa Mwalimu Jescah, kusema mtu ameimba ni sawa na nishani ya rais. Wengine wote hujaribu. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa nambari arobaini na moja, na kwamba Mwalimu alimpa alama tisini na moja. Katika maisha yake yote ya ujaji hakuwa amevuka themanini na nane.

Majaji walikutana Jumamosi saa tisa alasiri, kila mtu kwenye skrini kutoka nchi yake. Waliniruhusu niketi kando yake kwa sababu kompyuta yangu ina tabia ya kuganda, nami nikakaa kimya kama mwanakwaya. Waimbaji wote walikuwa wameambiwa wawe karibu na simu zao siku hiyo, endapo majaji wangekuwa na swali. Huko mbele mvua ilikuwa imeanza kugonga mabati.

Walikwenda vizuri mpaka walipofika kwa arobaini na moja. Mwenyekiti, mama mmoja Mreno mwenye nywele nyeupe, akasema sauti ni ya ajabu lakini inasikitisha kwamba mwimbaji amekosea nota mahali penye uzito kuliko pote. Wengine watatu wakatikisa vichwa kukubali. Wote wanne walikuwa wamempunguzia sana.

"Amekosea wapi?" akauliza Mwalimu Jescah.

Mzee mmoja aliyevaa tai ya kipepeo akamwambia: mstari wa pili wa ubeti wa mwisho.

"Huo mstari ameuimba sawa."

"Samahani, Bi Musimbi, hakuuimba sawa."

"Bwana," akasema Mwalimu, na nikamwona akinyoosha mgongo vilevile alivyokuwa akiunyoosha mbele ya kwaya mia, "huu wimbo nimeufundisha kwa zaidi ya miaka thelathini. Nyinyi wanne ndio mmekosea."

Sitaficha, nilifurahi. Nilitaka kupiga makofi. Wazungu watatu na Mkorea mmoja wakifundishwa muziki kutoka chumba cha picha za pasipoti, Kakamega! Nilijiona tayari nikiisimulia steji nzima.

Mwenyekiti hakubishana. Aliuleta ukurasa wenyewe wa kitabu kwenye skrini.

Wimbo huo ni wa mama anayemsindikiza mwanawe mlangoni, kijana anakwenda vitani. Mama anamuuliza, utarudi? Kijana hajibu. Mama anauliza tena kwa maneno yaleyale na tuni ileile, ila nota moja inapanda nusu toni, fa inakuwa fe. Ni kupanda kwa upana wa ukucha. Lakini hapo ndipo unaposikia kwamba mama amekwisha kujua. Hivyo ndivyo kitabu kilivyosema. Sisi huku, tangu zamani, mama yetu alikuwa anauliza mara mbili kwa sauti moja, kama mtu anayeuliza nauli.

Mwalimu alivua miwani, akaipangusa kwa leso, akaivaa, akatazama. Kisha akaivua na kuivaa tena. Sijawahi kumwona akifanya hivyo.

"George," akasema bila kunigeukia. "Leta karatasi yetu."

Nilijua ilipo. Nina faili moja kabatini yenye nakala ya kila karatasi niliyowahi kuandika, kwa majivuno tu. Nikaenda nikaileta. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, fa. Akakishusha kwenye wa pili. Fa. Chini kabisa, J.M.

Hebu elewa hali ilivyokuwa. Mwenyekiti alikuwa mpole. Akasema majaji huruhusiwa kutofautiana, na kwa kuwa Bi Musimbi amempa tisini na moja, mwimbaji huyu ameshika nafasi ya kumi na nane, yaani amepita, basi waendelee. Hakuna aliyejua lolote kuhusu karatasi. Mwalimu angenyamaza tu, mtoto angekwenda Ulaya. Lakini sheria yao ilikuwa wazi: jaji akigundua kwamba mwimbaji amepitia mafunzo yake, iwe moja kwa moja au kupitia mtu mwingine, aseme, na alama zake zifutwe. Na huyu, popote alipo, alikuwa amefundishwa na karatasi yetu. Hakuna mahali pengine duniani pa kuokota kosa lile. Nami nikapiga hesabu haraka: ile tisini na moja ikiondolewa, arobaini na moja anaanguka hadi nafasi ya ishirini na nne. Yuko nje.

Niliomba Mungu Mwalimu anyamaze. Niliomba kwa ajili ya yule mtoto, na kwa ajili ya sababu nyingine ambayo nitaisema sasa hivi.

"Tusiendelee," akasema Mwalimu Jescah.

Akainua karatasi mbele ya kamera. Akawaambia nota ile haikukosewa na mwimbaji bali na karatasi hii, kwamba karatasi ni yake, herufi hizi mbili ni sahihi yake, na alama zake wazifute. Ungedhani anatangaza matokeo ya shule nyingine. "Na nyinyi mlisema kweli," akaongeza. "Mimi ndiye niliyekosea. Nimekuwa nikikosea tangu wengi wa hawa waimbaji hawajazaliwa."

Mwenyekiti akamshukuru, akasema basi kwa masikitiko arobaini na moja ataishia hapo.

"Bado sijamaliza," akasema Mwalimu. "Mpelekeeni huo ukurasa. Mpeni nusu saa. Halafu mwambieni arudie."

Mzee wa tai ya kipepeo akaruka. Haiwezekani! Wengine hamsini na tisa hawakupewa nafasi ya kurudia.

"Hao hamsini na tisa, je, kuna jaji aliyewapa karatasi mbovu?"

Mzee akarekebisha tai yake.

"Mkishamsikia mpeni alama mnazotaka. Hata sifuri. Mimi nitatoka nje, sitasikia wala kuhesabiwa. Lakini huyo mtoto hawezi kwenda nyumbani na kosa langu." Akagonga meza kwa penseli. "Akipita, asipite nalo. Akishindwa, ashindwe kwa lake."

Wakashauriana. Mwishowe mwenyekiti akasema, sawa, nusu saa. Mwalimu akavua hedifoni, akaiweka juu ya karatasi, akatoka na kwenda kuketi kwenye benchi la wateja karibu na mashine ya fotokopi.

Mvua ilikuwa inapiga mabati hata huwezi kusikia mawazo yako. Akaingia mwendesha boda mmoja, Phineas, amelowa chepechepe, anataka nakala ya kitambulisho. Nikamnakilia upande mmoja mara mbili.

"Boss, na hii ingine ya nyuma iko wapi? Umetoa ya mbele mara mbili."

Nikaichukua kurudia, nikaghairi. Nilimpa kitambulisho chake nikamwambia aje kesho, bure. Akatoka akinishangaa. Nikaketi kwenye benchi kando ya Mwalimu, nikaona potelea mbali, liwalo na liwe.

"Mwalimu. Ile penseli yako ilikuwa sawa. Penseli lazima ilisema fe."

Akaegemeza mwavuli wake kwenye mashine.

"Ni mimi. Niliona mstari unarudi, nikafikiri ni uleule. Sikuangalia. Nikanakili ule wa kwanza mara mbili. Ilikuwa Jumapili. Kulikuwa na mechi uwanja wa Bukhungu."

Miaka yote hiyo sikujua kwamba nilikosea, lakini nilijua kwamba niliharakisha. Nilikumbuka hata stensili yenyewe ilivyokuwa imelala mezani, na jua la saa nane, na kelele za watu wakipita barabarani kwenda uwanjani. Watu walinisifia mwandiko mpaka nikaacha kutazama ninachoandika. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Aibu niliyoisikia pale kwenye benchi sina namna ya kuipunguza: mwanamke wa miaka sabini na moja alikuwa amejivua heshima yake mbele ya mataifa matano kwa sababu mimi nilitaka kuona mpira.

"Ulikuwa umevaa jezi ndani ya shati," akasema Mwalimu Jescah.

Nikamgeukia.

"Nilionanga kola yake. Ya kijani. Ulikuwa unaandika na mguu mmoja uko mlangoni." Alikuwa anatazama mvua. "Niliposhika karatasi leo nikajua ni siku gani."

"Sasa mbona hukuwaambia? Ungewaambia ni karani!"

"George, wewe ulikuwa na miaka mingapi? Kumi na tisa? Mimi ndio nilikuwa mwalimu. Kazi ya kusoma ilikuwa yangu, na sikusoma. Nilitazama huo mwandiko wako mzuri, nikasema mwandiko kama huu hauwezi kuwa na uongo ndani. Nikatia sahihi." Akanipiga goti kwa kiganja, si kwa upole sana. "Kwaya ngapi nimezipunguzia alama kwa kuimba ile fe sawasawa? Hiyo ndiyo itaninyima usingizi, sio wewe na mpira wako."

Nilitaka kulia na nikacheka. Naye akacheka kidogo, puani.

"Na walishinda?"

"Nani?"

"Hao wa Bukhungu."

"Walifungwa mbili bila."

"Mungu yuko," akasema Mwalimu.

Barua ya mwenyekiti iliingia kwenye simu ya Mwalimu saa kumi na moja na dakika saba. Alinipa nisome kwa sababu miwani yake ilikuwa imeachwa ndani, au ndivyo alivyodai. Majaji wanne walikuwa wamemsikia tena arobaini na moja. Mwenyekiti aliandika kwamba yule mzee wa tai ya kipepeo aliomba wampumzishe dakika mbili kabla ya kuandika alama. Kwa alama za wanne, bila hata moja ya Bi Musimbi, mwimbaji alikuwa amepanda hadi nafasi ya tisa. Chini yake ilifuata orodha ya ishirini, sasa ikiwa na majina. Nikashuka kwa kidole. Arobaini na moja: Winrose Chepkemoi, miaka ishirini na miwili, Lugari, Kenya.

"Lugari," akasema Mwalimu polepole. "Kumbe karatasi ilipanda mpaka kule, ikakaa, ikafundisha mtoto." Macho yake yalikuwa yamelowa na hakuyapangusa. "Nusu saa, George! Kitu ameimba vibaya maisha yake yote, amekirekebisha kwa nusu saa. Si nilikuambia huyo ameimba?"

"Uliniambia, Mwalimu."

"Haya. Leta karatasi safi na kalamu."

Nikadhani anataka kuandika barua. Akaniwekea mbele yangu ile karatasi ya zamani na ukurasa wa kitabu alioniamuru niuchape kutoka kwenye kompyuta. Nikaelewa. Niliandika juu ya kaunta, polepole, miwani yangu puani. Mwandiko wangu wa sasa umechoka, umeharibiwa na kompyuta, lakini safari hii nilitazama kila nota kabla ya kuiweka. Nilipomaliza, Mwalimu alileta miwani yake, akapitisha kidole kuanzia do ya kwanza hadi ya mwisho, midomo ikicheza. Ilimchukua robo saa. Kisha akatia J.M. na kunisukumia kalamu.

"Na wewe tia lako."

Nikatia G.A. pembeni. Ilikuwa mara ya kwanza jina langu kukaa kwenye karatasi zile.

"Sasa imba."

"Mwalimu, mimi ni besi. Huu ni wimbo wa soprano."

"Imba chini. Huo mstari, mara mbili."

Nikaimba. Mara ya kwanza ilitoka vizuri. Ya pili nikaiona fe kwa macho yangu mawili, imeandikwa na mkono wangu mwenyewe, wino haujakauka, na bado koo likaenda kwenye fa kama ng'ombe anayejua zizi lake.

"Tena."

Nikaenda kwenye fa tena. Mvua ilikuwa inaisha, na Phineas na wenzake waliokuwa wamejikinga kwenye kibaraza changu walianza kuchungulia.

"Tena."

"Mwalimu, watu wanaangalia."

"Wacha waangalie. Tena."

Mara ya nne nilifumba macho na kupanda. Ilikuwa nusu toni tu. Mama yule alisimama mlangoni, akamtazama mwanawe, akauliza kitu ambacho jibu lake alikuwa nalo tayari, na mimi niliyemnyamazisha kwa miaka thelathini na zaidi nikamsikia kwa mara ya kwanza. Nikashindwa kuendelea.

Mwalimu Jescah akaichukua karatasi kaunta, akainyoosha kwa kiganja, akaiweka kwenye mashine.

"Chapa mia mbili," akasema. "Tunaanzia Matungu."